Slaidi Zisizofunguka

Wasilisho hupimwa mara mbili. Kwanza ni ukumbini, projekta ikiwaka, mtoa mada akiwa na kompyuta yake mwenyewe na kila kitu kikiwa pale alipokipanga. Pili ni baadaye, faili lilelile linapomfikia mtu ambaye hakuwapo: mwanafunzi aliyerudi kwao Namtumbo, mtendaji wa kijiji, mwanakikundi wa VICOBA, mama aliyeambiwa aipitie bajeti ya kamati ya harusi kabla ya kikao cha Jumapili. Huyu hana kompyuta. Ana simu, tena simu iliyojaa, na bando alilonunua asubuhi limebaki kidogo. Makala haya yanamhusu yeye, kwa sababu ndiye tunayemsahau tunapobonyeza kitufe cha kutuma.

Tazama linalotokea mkononi mwake. Anagusa faili lenye mwisho wa pptx. Simu inamuuliza alifungue kwa programu ipi, naye hana hata moja. Inampeleka kwenye duka la programu, na huko anatakiwa apakue kitu kizito kuliko faili lenyewe mara nyingi. Akikubali, bando linakwenda. Akimaliza kupakua, programu inamtaka ajisajili kwa baruapepe ambayo nywila yake aliiweka fundi wa simu dukani, siku aliyoinunua. Akivuka hapo, slaidi ya kwanza inafunguka: kichwa cha mada kimekatika mistari mitatu na kuifunika nembo ya chuo, jedwali la safu sita limetokeza nje ya ukurasa, kanuni ya hesabu imegeuka vijisanduku vitupu, na palipokuwa na video pana mraba mweusi. Anarudi kwenye kundi la WhatsApp na kuandika: "Samahani, kwangu halifunguki." Mwenzake anamjibu: "Kwangu linafunguka." Mazungumzo yanaishia hapo, na somo limempita.

Wengi huliita jambo hili tatizo la kiufundi, na kweli lina ufundi ndani yake. Lakini kwanza kabisa naliona ni suala la heshima. Kati ya mtumaji na mpokeaji, mwenye kompyuta, programu na muda wa kurekebisha ni yule anayetuma. Yeye ndiye anayepaswa kuhakikisha kwamba kazi yake inafunguka kwa mtu mwenye kifaa duni kuliko vyote katika orodha yake. Kumwachia mpokeaji kazi hiyo ni kumtwisha mzigo mtu aliye na uwezo mdogo zaidi wa kuubeba.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. PowerPoint ilizaliwa katika kampuni ndogo ya California iliyoitwa Forethought. Wazo lilikuwa la Robert Gaskins, na uandishi wa programu ulifanywa na Dennis Austin akisaidiwa na Thomas Rudkin. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1987 kwa kompyuta za Macintosh pekee, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni nzima kwa dola milioni 14 za Marekani. Toleo hilo halikukusudiwa kurusha picha ukutani moja kwa moja. Kazi yake ilikuwa kuchapa: karatasi angavu za kuweka juu ya mashine ya taa, pamoja na vitini vya kuwagawia wasikilizaji. Walimu wengi waliopitia vyuoni miaka ya 1990 wanaikumbuka mashine ile, joto lake na feni yake iliyovuma muda wote wa kipindi.

Kwa hiyo mwanzoni aliyehitaji programu alikuwa mtu mmoja tu, mtayarishaji. Msikilizaji aliondoka na karatasi mkononi, na karatasi haidai programu wala leseni. Projekta za kuunganishwa na kompyuta zilipoenea, kisha baruapepe, kisha flashi, tukaacha kugawa karatasi tukaanza kugawa faili lenyewe. Hapo ndipo mzigo ulipohama kutoka kwa mtoa mada ukaenda kwa mpokeaji, na ulihama taratibu mno kiasi kwamba hakuna aliyekaa chini kujiuliza kama hilo ni haki.

Microsoft yenyewe ililiona pengo hilo mapema. Ilitoa kitazamaji cha bure, PowerPoint Viewer, kilichomwezesha mtu kuzitazama slaidi bila kuzihariri, na PowerPoint ya 2003 iliweza kufungasha wasilisho pamoja na kitazamaji hicho kwenye CD moja. Ulimpa mtu CD, akaiingiza, akaona kila kitu. Ilikuwa huduma nzuri. Aprili 30, 2018 kitazamaji hicho kikaondolewa rasmi, na watumiaji wakashauriwa kutumia programu ya simu au ile ya kwenye kivinjari. Ushauri huo unamfaa mtu aliyeko mahali penye intaneti ya uhakika. Kwa mtu wa Kasulu anayepanda kilima ili apate mtandao, ni mlango uliofungwa.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepitia usumbufu mwingine. Office ya mwaka 2007 ilianza kuhifadhi slaidi kwa mfumo mpya wa pptx badala ya ppt, na kompyuta zilizobaki na toleo la 2003, ambazo katika ofisi na shule zetu zilikuwa nyingi, hazikuweza kuzifungua mpaka ziwekewe nyongeza maalumu. Kwa miaka kadhaa watu walisafiri na flashi kutoka mkoani hadi Dodoma au Dar es Salaam, wakafika ukumbini, faili likagoma.

Mfumo huo mpya, hata hivyo, ulikuja na jambo jema ambalo halijatangazwa vya kutosha. Faili la pptx ni mfuko uliobanwa kwa njia ileile ya mafaili ya zip. Lipe jina jipya, badala ya kuishia na pptx liishie na zip, kisha lifungue kwa kidhibiti mafaili cha kompyuta au cha simu. Ndani utakuta folda iitwayo ppt, na ndani yake folda ya slides yenye maandishi ya kila slaidi, na nyingine iitwayo media yenye picha zote zilizotumika, kila moja ikiwa nzima. Mtu asiye na PowerPoint, aliyekwama na slaidi za ramani, za eksirei au za michoro ya mitambo, anaweza kuzitoa picha hizo bila kusakinisha chochote. Haziji kwa mpangilio wala maelezo, lakini usiku wa kuamkia mtihani ni msaada mkubwa.

Hilo liliwezekana kwa sababu mifumo ya mafaili ilikuwa imeanza kuwekwa wazi. Mwaka 2006 Shirika la Viwango la Kimataifa lilipitisha mfumo wa OpenDocument, ambao slaidi zake huishia na odp, na mwaka 2008 likapitisha ule wa Microsoft pia. Maana yake ni kwamba maelezo ya jinsi faili linavyojengwa yamechapishwa, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuandika programu ya kulifungua.

Hapa Afrika Mashariki tunayo sehemu yetu katika habari hiyo, na inasikitisha kuona inavyosahaulika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya ushauri ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux. Ilikuwa na sehemu ya kuandikia barua, ya mahesabu, na ya kutengenezea slaidi, na menyu zake zikisomeka kwa lugha ambayo mwalimu wa Sengerema na karani wa Lamu wanaifahamu bila kuegemea kamusi. Na ilikuwa ya bure kwa maana kamili: uliruhusiwa kunakili, kumpa jirani, kusakinisha kwenye kompyuta zote za shule bila kulipa leseni wala kuvunja sheria.

Wale waliofanya kazi ile waliliona tatizo tunaloliongelea leo. Waliona kwamba ukimpa mtu faili bila kumpa chombo cha kulifungulia, hujampa kitu. Ingefaa kila mwanafunzi wa kompyuta katika vyuo vyetu aifahamu historia hiyo, na ingefaa zaidi kazi hiyo iendelezwe. Mrithi wa OpenOffice ni LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, na bado ni halali kuiweka kwenye flashi moja ukaizungusha shule nzima. Inafungua pptx, inafungua ppt ya zamani, na inahifadhi PDF. Mkuu wa shule anayenunua kompyuta kuukuu kumi na kuziwekea Office ya wizi, ambayo mara nyingi huja na virusi vyake, ana njia safi mbele yake na pengine hajaambiwa.

Tuseme ukweli pia: programu hizi hazifanani kwa asilimia mia. Slaidi iliyopangwa vizuri kwenye PowerPoint inaweza kupinda ikifunguliwa kwenye LibreOffice au kwenye WPS Office ya kampuni ya Kingsoft ya China, ambayo imo kwenye simu za wengi. Chanzo kikubwa ni aina ya herufi. Faili la slaidi kwa kawaida halibebi herufi zenyewe. Linabeba jina la aina ya herufi tu. Likifika kwenye kifaa kisicho na aina hiyo, kifaa kinachagua nyingine iliyo karibu, na ikiwa pana kidogo tu, mstari unavunjika na sanduku la maneno linafurika. LibreOffice huja na herufi ziitwazo Carlito, zilizotengenezwa kwa upana uleule wa Calibri ya Microsoft ili kuzuia mparaganyiko huo. Lakini mwaka 2023 Microsoft ilianza kuiondoa Calibri kwenye nafasi ya herufi za kawaida na kuweka Aptos, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Ndiyo maana wasilisho lililotengenezwa kwenye laptopu mpya linaonekana limelewa likifunguliwa kwenye kompyuta ya ukumbi wa halmashauri.

Dawa ya sehemu kubwa ya haya ni PDF. Chanzo chake ni andiko la mwaka 1991 la John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa Adobe, aliyetaka hati yoyote iweze kuonekana na kuchapwa vilevile kwenye mashine yoyote. Ilitoka 1993, ikawa kiwango cha kimataifa 2008. PDF hubeba herufi zake ndani, hivyo haipindi, na vivinjari vya kisasa pamoja na simu nyingi huifungua bila kuongezewa kitu. Huhitaji programu ya ziada kuitengeneza: PowerPoint ina chaguo la PDF mahali palepale unapohifadhi faili, na OpenOffice ilikuwa nalo tangu toleo la 1.1 la mwaka 2003, miaka kadhaa kabla ya Microsoft.

Ina hasara zake, na mtumaji lazima azijue. Video na sauti zinapotea. Vitu vilivyopangwa vitokee kimoja baada ya kingine vinatokea vyote kwa pamoja. Mwalimu wa hesabu aliyeweka swali juu na jibu chini, likisubiri kubonyezwa, atakuta kwenye PDF swali na jibu vimekaa pamoja na zoezi limeharibika. Ufumbuzi ni kuinakili slaidi hiyo: ya kwanza iwe na swali tu, ya pili iwe na swali na jibu. Ni kazi ya dakika chache, inamtosha mwanafunzi yeyote, na darasani wala hakuna atakayejua kwamba zamani palikuwa na mbwembwe.

Lakini kufunguka peke yake hakutoshi, na hapa nataka tutulie kidogo.

Slaidi ni nusu ya kauli. Nusu nyingine iko mdomoni mwa msemaji. Ukumbini, slaidi yenye maneno manne, "Changamoto za upatikanaji pembejeo", inaeleweka kwa sababu ofisa kilimo amesimama pale anaeleza kwamba mbolea ilifika mwezi mmoja baada ya mvua za kwanza. Anayepokea faili nyumbani anapata maneno manne. Haambiwi ni pembejeo gani, wala zilichelewa wapi, wala nani anatakiwa afanye nini.

Mfano mzito wa hatari hii uko Marekani. Januari 2003 chombo cha anga Columbia kilirushwa, na kipande cha povu la kuhami kikabanduka na kulipiga bawa lake la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi wa kampuni ya Boeing walitayarisha slaidi kwa ajili ya viongozi wa NASA kueleza kama pigo lile lilikuwa la kutisha. Slaidi mojawapo ilikuwa na kichwa cha kutuliza moyo. Chini yake kulikuwa na vitone ndani ya vitone, herufi zikipungua ukubwa kila ngazi, na karibu na mwisho kabisa ndipo palipoandikwa jambo kuu: kipande kilichopiga bawa kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, wakati majaribio waliyoyategemea yalitumia kipande cha inchi 3. Kilikuwa kikubwa mara 640. Aliyesoma kichwa na vitone vya juu aliondoka ametulia. Februari 1 Columbia ilisambaratika ikirudi duniani, na wanaanga wote 7 wakafa.

Tume iliyochunguza ajali ile, katika ripoti yake ya Agosti mwaka huo, ilichapisha uchambuzi wa slaidi hiyo uliofanywa na Profesa Edward Tufte, na ikaonyesha wasiwasi kwamba slaidi zilikuwa zimechukua nafasi ya ripoti za kitaalamu. Sisemi slaidi ndiyo iliyokiua chombo. Nasema kwamba watu makini, wenye programu zote na kompyuta bora, walipewa slaidi mahali walipostahili kupewa maelezo. Basi fikiria diwani aliyepelekewa slaidi za mradi wa maji, bila maelezo, ili apige kura kesho yake.

Njia ya kuponya hili imo ndani ya programu zetu na haitumiki. Chini ya kila slaidi kuna sehemu ya kuandika maelezo ya msemaji. Andika pale, kwa sentensi kamili, yale utakayoyasema. Wakati wa kutengeneza PDF, chagua kurasa za maelezo badala ya slaidi tupu. Kila ukurasa utakuwa na slaidi juu na maelezo chini yake. Asiyekuwapo atakusoma kama aliyekusikia. Katika makundi ya WhatsApp unaweza pia kutuma PDF kisha ukarekodi ujumbe wa sauti kwa kila ukurasa, ukianza kwa kutaja namba: "Ukurasa wa tatu, tazameni ule mstari mwekundu..." Sauti ni nyepesi, inasikika kwenye simu yoyote, na mtu anaweza kuirudia akiwa jikoni au kwenye daladala.

Machi 2020, corona ilipofunga shule na vyuo Tanzania na Kenya, wahadhiri na walimu wengi walijikuta wakifundisha kwa kutuma slaidi. WhatsApp ilikuwa imeanza kupokea hati za PDF miaka minne tu kabla, na mafaili ya kila aina tangu 2017 kwa kikomo cha megabaiti 100. Leo kikomo ni gigabaiti 2, na urahisi huo umetulevya. Kwa kuwa faili linapita, tunadhani linafika. Gigabaiti moja inaweza kuwa bando la mtu la wiki nzima.

Uzito wa slaidi karibu wote ni picha. Simu ya kawaida siku hizi hupiga picha yenye nukta 4,000 kwa 3,000, yaani nukta milioni 12. Projekta nyingi za kumbi zetu huonyesha nukta 1,024 kwa 768, ambazo ni chini ya laki nane. Unaposafirisha picha hiyo ndani ya slaidi, unasafirisha nukta mara kumi na tano zaidi ya zile zitakazoonekana, na anayezilipia ni mpokeaji. PowerPoint ina amri ya kubana picha zote za faili kwa mpigo mmoja, na LibreOffice ina yake. Wasilisho la megabaiti 60 lenye picha za ziara ya shamba linaweza kushuka likawa megabaiti chache tu, na kwa macho ya mtazamaji hakuna kilichopungua.

Wapo wanaopendelea kutuma kiungo cha wasilisho lililoko Google badala ya faili. Kwa wenye intaneti ya kudumu ni njia safi, maana marekebisho yanaonekana papo hapo kwa wote. Ila hakikisha umefungua ruhusa kwa kila mwenye kiungo. Hakuna kinachokatisha tamaa kama mtu kugusa kiungo saa nne usiku, akaambiwa aombe ruhusa, na mwenye kutoa ruhusa amelala mpaka asubuhi.

Karatasi nayo haijafa. Nenda steshenari yoyote iliyo karibu na chuo wiki ya mitihani. Mhudumu anachomeka flashi, anafungua faili, anauliza, "Sita kwa ukurasa?" Mwanafunzi anaitikia, kwa sababu slaidi 48 zikienda sita sita zinakuwa kurasa nane na fedha inatosha. Kisha zinatoka: mandhari ya bluu nzito imegeuka weusi mtupu, maandishi ya njano yamefifia kijivu, na mchoro wa moyo wenye mishipa ya rangi mbili sasa una mishipa ya rangi moja. Mwanafunzi wa uuguzi anasomea moyo ambao hauonyeshi damu safi inapita wapi na damu chafu inapita wapi. Mhadhiri aliyechagua mandhari ile alikuwa anafikiria ukuta. Mandhari nyeupe na maandishi meusi yangemfaa aliyeko ukumbini na aliyeko steshenari, na mishipa ingeweza kutofautishwa kwa mistari ya kukatika na isiyokatika badala ya rangi peke yake.

Yupo mpokeaji mwingine ambaye tunamsahau hata tunapojitahidi: asiyeona. Programu za kusoma kioo kwa sauti zipo, na moja iliyo bora, NVDA, ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 Australia na Michael Curran, akashirikiana na James Teh, wote wawili wakiwa wasioona. Inasoma maandishi ya slaidi na ya PDF vizuri. Kwa kawaida haisomi ukurasa wa kitabu uliopigwa picha kwa simu ukabandikwa kwenye slaidi, na sisi tunabandika kurasa za namna hiyo kila siku. Chapa maneno yenyewe. Palipo na picha ya lazima, jaza sehemu ya maelezo ya picha kwa sentensi moja inayosema picha inaonyesha nini. Kwa sababu hiyohiyo, kugeuza slaidi zote kuwa picha na kuzituma moja moja, ingawa hufunguka kwenye kila simu janja, kunafaa kwa tangazo au kwa ratiba ya msiba, na hakufai kwa somo.

Neno moja la tahadhari kwa maofisa. Faili la slaidi hubeba zaidi ya linachoonyesha. Slaidi zilizofichwa zimo. Maelezo ya msemaji yamo, hata yale uliyojiandikia mwenyewe kuhusu mjumbe mgumu. Picha uliyoikata pembeni bado ina sehemu iliyokatwa. Na ukinakili chati kutoka Excel ukaibandika, kitabu kizima cha hesabu kinaweza kuingia nayo. Anayebonyeza chati mara mbili anaweza kuona karatasi ya mishahara iliyokuwa nyuma yake. PDF ya slaidi tupu huyaacha mengi ya mambo hayo nyumbani, isipokuwa kama wewe mwenyewe umechagua yaingie. Kwa ofisi inayotunza taarifa za watu, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Haya yote hayahitaji bajeti mpya wala mafunzo ya wiki nzima hotelini. Yanahitaji utaratibu ambao mtu mwenye mamlaka anaweza kuuandika leo kwenye karatasi moja. Vyuo vyetu viwatake wahadhiri watoe kila mada kwa PDF yenye maelezo, isiyozidi megabaiti tano, kabla ya kipindi. Halmashauri ziwagawie madiwani maelezo yaliyoandikwa kikamilifu, na slaidi zibaki kuwa msaada wa kueleza. Waandaaji wa warsha na makongamano wakatae kupokea wasilisho ambalo halijaambatana na nakala inayosomeka kwenye simu. Shule zenye kompyuta kuukuu ziwekewe LibreOffice, na chuo kimojawapo kiichukue tena kazi ya kuitunza kwa Kiswahili pale Jambo OpenOffice ilipoachia.

Na wewe msomaji, ikiwa Jumatatu una slaidi za kutuma, azima simu ya mtu mwingine nyumbani kwako, ile ya bei ndogo kuliko zote, ujitumie faili hilo kwanza. Likifunguka likasomeka, litume. Likikataa, lirekebishe kabla hujamtumia mtu yeyote.